Shuka kabla hujashushwa: maneno kwa waendesha baiskeli wa Mtwara kabla ya saiklokrosi yetu ya kwanza

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliokuja kuona hawa watoto wanataka kufanya nini na baiskeli zao, shikamooni. Vijana wenzangu wa Mtwara Mjini na wa hapa Mikindani, na nyinyi mliotoka Lindi alfajiri kuja kutusikiliza, karibuni sana. Mtwara kuchele!

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya saiklokrosi kwa sababu Jumamosi tutaijaribu, na karibu wote mliokaa hapa ni watu wa baiskeli za mlima. Mnayajua makorongo ya juu ya Mikindani. Wapo kati yenu walioteremka ukingo wa Makonde pale Newala kuelekea bonde la Ruvuma, mawe yanaruka, vidole viwili viko kwenye breki. Kwa hiyo kuendesha sitawafundisha. Nimekuja kuwaambia jambo moja ambalo mtu wa baiskeli ya mlima hulidharau mpaka limkute: kushuka. Mbio hizi mtu anazipata au anazikosa pale anapotoka juu ya baiskeli, na pale anaporudi juu yake.

Niwaeleze kwanza mchezo wenyewe, maana wengine mnausikia leo. Saiklokrosi ni mbio za kuzunguka eneo dogo. Kwenye mashindano makubwa mzunguko mmoja ni kati ya kilomita 2.5 na 3.5, njia ina upana usiopungua mita 3, na ndani yake wameweka kila kinachomkera mwenye baiskeli: nyasi, tope, mchanga, kona za kurudi ulikotoka, ngazi, kilima kisichopandika, na mbao zilizosimamishwa kukatiza njia, ambazo kimo chake hakizidi sentimita 40. Hamshindani kumaliza kilomita kadhaa, mnashindana ndani ya muda. Wanaume wa daraja la juu huenda saa 1 hivi, wanawake dakika 50 hivi. Waamuzi wanaangalia mizunguko ya mwanzo imechukua muda gani, wanapiga hesabu imebaki mingapi, na wa mwisho unapigiwa kengele. Sehemu kubwa ya njia ni ya kuendesha. Sehemu za kukimbia na baiskeli mkononi ni chache, na hizo chache ndizo zinazowatenganisha watu.

Ulianzia Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20. Waendesha baiskeli wa barabarani walikuwa wakikosa mashindano msimu wa baridi, wakawa wanakimbizana kutoka kijiji hadi kijiji kwa kukata mashambani, wanaruka uzio, wanavusha baiskeli mitaroni. Anayetajwa kuwa ndiye aliyezipa mbio hizo mpangilio ni askari wa jeshi la Ufaransa, Daniel Gousseau, na ubingwa wa kwanza wa taifa lile ulifanyika 1902. Octave Lapize aliposhinda Tour de France, zile mbio kubwa za barabarani za kuzunguka Ufaransa, mwaka 1910, alisema saiklokrosi ya msimu wa baridi ilikuwa sehemu ya maandalizi yake, na hapo wengi wakafungua macho. Ubingwa wa dunia ukaanza 1950 mjini Paris, akauchukua Jean Robic, ambaye alikuwa ameshashinda Tour de France ya 1947. Wanawake wakasubiri hadi 2000. Miaka 50 mizima! Hanka Kupfernagel wa Ujerumani ndiye aliyekuwa bingwa wao wa kwanza. Dada zangu, hapa kwetu hamsubiri. Mtaanza Jumamosi hiyo hiyo, kwenye njia hiyo hiyo, na zawadi ni sawa na ya kaka zenu.

Mimi nilikutana na mchezo huu nilipokuwa masomoni Ubelgiji. Kule una mashabiki wa kufa na kupona. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya kuna mbio karibu kila siku, na watu wanakata tiketi kwenda kusimama kwenye tope na baridi, chipsi mkononi, wakiwapigia kelele wanaopita. Nikaingia mbio za ngazi ya chini kabisa, zile za mtaani, ambako waliniruhusu kuja na baiskeli yangu ya mlima mradi nitoe zile pembe za pembeni mwa usukani.

Cha kwanza kilichonigonga ni kuanza. Kwenye baiskeli za mlima nako tunaanza kwa nguvu, lakini mbio zetu ni ndefu. Zile za Olimpiki huchukua saa 1 na dakika 20 au kuzidi, na kila mpando una mteremko wake wa kurudishia pumzi. Saiklokrosi haikupi nafasi hiyo. Filimbi inalia, watu wote wanakazana kufika kona ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo njia inabana na kumpita mwenzako ni kazi. Mapigo ya moyo yanapanda dakika ya kwanza na yanabaki juu huko huko. Kona moja ikiisha unatakiwa ukanyage tena kama unaanza upya, halafu kona nyingine, halafu nyingine. Mwenye mapafu ya safari ndefu anaona ajabu: hajachoka miguu, ila pumzi hana.

Kisha zikaja mbao. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo. Nilimwangalia kwa makini, na picha yake bado ninayo. Hatua nyingi kabla ya mbao alishaacha kukanyaga. Mguu wa kulia ukatoka kwenye pedeli, ukazunguka nyuma ya kiti, akawa amesimama kwa mguu wa kushoto peke yake pembeni mwa baiskeli, na baiskeli bado inakwenda kwa kasi ile ile. Mkono wa kulia ukashuka kutoka kwenye usukani ukashika bomba la juu la fremu. Nyayo zilipogusa nyasi tayari alikuwa anakimbia. Akaiinua baiskeli kidogo tu, kiasi cha tairi kupita juu ya ubao, mbao mbili, hatua chache katikati, akaiweka chini bila kishindo na akateleza juu ya kiti kwa paja. Sikusikia hata cheni ikigonga. Nilipomaliza kuzivuka mbao zile, yeye alikuwa kona ya pili.

Nikajiuliza nimeyaona wapi mambo haya. Nikakumbuka: Tandahimba, kwa mjomba.

Mjomba wangu alikuwa anapeleka korosho ghalani kwa baiskeli ya Phoenix, gunia limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Njia ile ina mchanga mwekundu unaomeza tairi. Vijana waliokuwa wakifuatana naye walikuwa wakiuingia mchanga wakiwa wamekaa, wanakanyaga mpaka baiskeli inasimama yenyewe, ndipo wanahangaika kushuka, na gunia linawalalia. Yeye alishuka mapema, pale ardhi ilipokuwa bado ngumu. Kwa kuwa gunia liko nyuma, mguu hauwezi kupita huko, kwa hiyo aliukunja goti akaupitisha mbele, juu ya bomba, akatua akiwa tayari anatembea kwa haraka, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kiti. Baiskeli haikupoteza mwendo. Upande wa pili wa mchanga akasukuma hatua mbili tatu, akapanda. Nilipomuuliza kwa nini hajaribu kupita juu yake kama wenzake, alinijibu, "Mpwa wangu, shuka kabla hujashushwa."

Ndiyo maana nasema watu wa kusini hatuanzi mchezo huu mikono mitupu. Sisi ni watoto wa watu waliosukuma baiskeli zenye mkaa, zenye madumu ya maji, zenye mihogo. Tatizo ni kwamba tulipopata baiskeli za gia na shokapu tukaanza kuona aibu kushuka. Kijana anakwama kwenye kilima, miguu inatetemeka, anakwenda polepole kuliko bibi yake anayetembea, lakini hashuki, kwa sababu akishuka wenzake watamcheka. Kwenye baiskeli za mlima heshima ni kupita juu ya kila kitu bila kugusa ardhi. Kwenye saiklokrosi swali ni moja tu: hapa kipi kina kasi zaidi, magurudumu au miguu? Ikiwa ni miguu, shuka.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Shukeni upande wa kushoto, kwa sababu cheni na meno yake viko kulia, na hutaki vikuchane muundi. Gia badilisheni kabla ya kushuka, muweke ile mtakayoihitaji mkipanda tena, maana ukiisahau utapanda kwenye gia nzito ukiwa huna mwendo. Punguzeni kasi kabla, siyo hewani. Na jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: mkishuka kwa namna hii mkono wa kulia umeshaacha usukani, umebaki wa kushoto peke yake. Kwa hiyo kagueni leo hii breki ya kushoto inashika gurudumu lipi. Baiskeli zetu ni za mtumba kutoka nchi mbalimbali, na nyingine breki ya mbele iko kushoto. Ukiibana ile kwa nguvu ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, baiskeli itabinuka na wewe utaitangulia. Muoneni fundi abadilishe waya, ni kazi ndogo.

Kupanda ni kugumu zaidi kuliko kushuka, na ndiko watu wanakojiumiza. Msiruke juu kama mnapanda ukuta. Kimbieni na baiskeli, mikono miwili kwenye usukani, jisukumeni kwa mguu wa kushoto, paja la ndani la mguu wa kulia liguse kiti kwanza, kisha teleza mpaka ukae sawa, ndipo utafute pedeli. Anzeni kwa kutembea. Mtu afanye hivyo uwanjani taratibu mpaka mwili uache kuogopa, ndipo aongeze mwendo.

Kwenye kilima kirefu hamtaisukuma, mtaibeba. Mkono wa kulia unapita katikati ya fremu, bomba la juu linakaa begani, kiganja kinashika upande wa kushoto wa usukani ili gurudumu la mbele lisichezecheze. Hapo ndipo baiskeli ya mlima inapodai gharama yake. Ni nzito, na zile zenye shokapu ya nyuma hazina nafasi ya kupitisha mkono. Wenye hizo wazinyanyue kwa kushika bomba, wasilazimishe bega. Wote toeni kishikio cha chupa kwenye fremu, kitawaumiza mbavuni. Wenye shokapu ya mbele inayofungwa, ifungeni mnapoanza na kwenye nyasi, la sivyo nguvu zenu zitaishia kuibonyeza.

Sasa mchanga, ambao ni mali yetu. Kule Ubelgiji kuna mji wa pwani unaitwa Koksijde, kwenye Bahari ya Kaskazini, wenye vilima vya mchanga mtupu, na mbio za pale zinaogopwa. Ubingwa wa dunia wa 2012 ulifanyika pale, na Wabelgiji walishika nafasi saba za kwanza, Niels Albert akiwa mbele yao. Saba! Wageni walikuwa na mapafu na miguu pia, lakini wenyeji wameukulia mchanga ule. Nilipoyasikia hayo nikafikiria fukwe za Shangani, nikafikiria Msangamkuu, nikasema hawa watu wamejenga ufalme juu ya kitu ambacho sisi tunakitandika mikeka tupumzike.

Mchanga unapitika hivi. Ingia na mwendo, gia nyepesi kidogo kuliko unavyodhani. Uzito urudi nyuma ili tairi ya mbele ielee isichimbe. Mikono ilegee. Tafuta mfereji aliouacha aliyekutangulia, ukae humo humo, na usiupindishe usukani, kwa sababu ukiupinda tairi ya mbele inazama na mbio zimeishia hapo. Miguu isiache kuzungusha. Ukihisi mwendo unakufa, usisubiri ufe. Mnajua mjomba alisema nini.

Upepo wa tairi nao una kazi kubwa. Tairi za saiklokrosi kwenye mashindano ya kimataifa haziruhusiwi kuzidi upana wa milimita 33, na wale wakubwa hutia upepo wa bar 1.5 hivi, na kwenye mchanga mzito chini ya hapo, ili tairi itandike na kushika. Zenu ni za inchi 2 na kuendelea, yaani milimita 50 na zaidi. Kwenye nyasi na ardhi ngumu zitawachosha, kwenye mchanga zitawabeba. Punguzeni upepo, lakini wenye tyubu za ndani msizidishe, maana tairi laini ikigonga mzizi, tyubu inabanwa na rimu na kutoboka matobo mawili kwa mpigo.

Kuna kijana aliniuliza jana kama mtu wa baiskeli ya mlima anaweza kufika popote katika mchezo huu, au ataharibu alichonacho. Nimjibu mbele yenu. Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, mwaka 2015, alikuwa bingwa wa dunia wa barabarani, wa saiklokrosi na wa baiskeli za mlima kwa wakati mmoja, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Akaja kuchukua dhahabu ya Olimpiki ya baiskeli za mlima 2024, na 2025 akashinda Tour de France ya wanawake. Tom Pidcock wa Uingereza alishinda dhahabu ya baiskeli za mlima kwenye Olimpiki za Tokyo na za Paris, na katikati ya hizo akawa bingwa wa dunia wa saiklokrosi, 2022. Hivi vitu vinalishana. Na msiniambie ni mambo ya Wazungu. Adrien Niyonshuti wa Rwanda aliendesha baiskeli ya mlima kwenye Olimpiki ya London 2012, na Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ukaja Kigali, mara ya kwanza kabisa kwenye ardhi ya Afrika. Biniam Girmay wa Eritrea amevaa jezi ya kijani ya Tour de France, ile ya anayeongoza kwa pointi, mpaka siku ya mwisho, 2024. Milango inafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Huu wa saiklokrosi bado Waafrika hatujausukuma sana, na sioni kwa nini mkono wa kuusukuma usitoke Mtwara au Lindi.

Kuhusu Jumamosi. Tumepata shamba la mikorosho njia ya Naliendele, mzee mwenye shamba yupo hapa, tumpigieni makofi. Ametupa sharti moja na nalitaka liheshimiwe: tumalize kabla msimu wa kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, haujaanza, na mtu asikatize nje ya njia iliyowekewa kamba. Mvua zimeisha, kusi limeanza kuvuma, ardhi imekauka vizuri. Matawi ya mikorosho yanainama chini, mengine yapo usawa wa uso, kwa hiyo kofia ngumu ni lazima, na asiyekuwa nayo aje kwangu leo, zipo za kuazima. Majani makavu yaliyolala kwenye kona yanateleza kuliko tope. Kona zile msiziamini.

Mbao ni mbili. Tumezishikiza ili mtu akizigonga zianguke, zisimvunje. Kwenye mashindano makubwa mtu anaruhusiwa kubadilisha baiskeli katikati ya mbio, anakuwa na nyingine sehemu maalumu, inaoshwa na kutiwa mafuta. Nimesisitiza kwenye kamati kwamba sisi tusiruhusu. Mwenye baiskeli mbili angemshinda mwenye moja kabla filimbi haijalia, na sijaja hapa kusimamia hilo. Tobo utaziba, cheni utarudisha, baiskeli ni ile uliyoanza nayo. Phoenix zinaruhusiwa, keria itolewe na kengele ibaki. Sheria ya milimita 33 hapa haina kazi.

Kule Ulaya hawabebi maji, wanaendesha kwenye baridi kwa muda mfupi. Hapa jua halina utani. Tutaanza saa 1 asubuhi na wadogo, dakika 20 tu, kisha wasichana na wavulana dakika 40, na kutakuwa na kina mama wawili wenye ndoo za maji baada ya kilima. Ukihisi kizunguzungu, simama kivulini, usione haya. Atakayezidiwa mzunguko mzima hatatolewa. Kwenye mashindano makubwa wanamtoa, sisi tunataka kila mtu asikie kengele.

Wazazi, mmeniuliza kama watoto wataumia. Magoti yatachubuka, viwiko pia. Kasi ya mbio hizi ni ndogo na hakuna gari wala bodaboda njiani, na kwa maoni yangu mtoto yuko salama zaidi kwenye lile shamba kuliko anapokwenda shule kwa baiskeli kando ya lami. Nesi atakuwepo tangu asubuhi. Njooni na nyinyi, msimame pale kwenye mbao, ndipo panapopendeza kutazama.

Nimesema vya kutosha. Nje tumeshaweka mbao mbili za mazoezi kwenye nyasi na jua bado lipo. Tokeni na baiskeli zenu, mstari mmoja, wasichana mbele. Kwanza kutembea tu: mguu wa kulia nyuma ya kiti, mkono wa kulia kwenye bomba. Nani anaanza?